Leseni ya Motakaa kwa Mgeni Asiye na Hati

Katika nchi ya Marekani kuna mabishano yaliyodumu zaidi ya miaka thelathini, nayo ni haya: Je, yafaa serikali kumpa leseni ya kuendesha motakaa mtu aliyeingia nchini bila ruhusa, au aliyeingia kwa ruhusa akakaa baada ya muda wake kwisha? Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mambo ya watu wa mbali. Lakini ndani yake mna swali limpasalo kila mtu aliyepewa mamlaka juu ya wenziwe. Kwa hiyo twataka kulipima.

Kwanza yafaa kujua ya kuwa huko leseni hutolewa na kila jimbo kwa sheria zake, wala si na serikali kuu. Katika California, sheria ya mwaka 1993 ilimtaka kila mwombaji aonyeshe ya kuwa yumo nchini kwa halali. Mwaka 2003 Gavana Gray Davis alitia sahihi sheria ya kuliondoa sharti hilo. Lakini mwaka ule ule wapiga kura walimwondoa yeye katika cheo chake, na sheria ile ikafutwa kabla ya kuanza kutumika. Mwaka 2013 Gavana Jerry Brown alitia sahihi sheria nyingine, ikaanza kutumika Januari 2015, na kabla ya mwaka 2018 kwisha zilikuwa zimetolewa leseni zaidi ya 1,000,000. Katika Oregon wapiga kura waliikataa sheria ya namna hiyo mwaka 2014. Katika Massachusetts waliikubali mwaka 2022. Hata kufika mwaka 2023 majimbo yaliyokubali yalikuwa 19.

Wanaokataa wana hoja zao, wala si haki kuzidharau. Husema kwamba sheria ni sheria, na ya kuwa mtu aliyengoja miaka mingi na kulipa ada zote ili aingie kwa mlango atajiona mjinga akimwona aliyepita dirishani akipewa sawasawa naye. Tena hukumbusha ya kuwa watu walioishambulia Marekani tarehe 11 Septemba 2001 walikuwa na leseni na vitambulisho vya majimbo. Kwa ajili hiyo serikali kuu ilitunga sheria mwaka 2005 ya kukaza masharti ya vyeti hivyo. Walakini sheria hiyo haikuyakataza majimbo kutoa leseni za namna nyingine, mradi ziwe na alama ya kuonyesha kwamba hazikubaliwi kwa mambo ya serikali kuu.

Basi tuulize, leseni ni kitu gani? Kwa maoni yetu leseni si zawadi ya mwenendo mwema, wala si ruhusa ya kukaa nchini. Ni ushuhuda tu. Serikali humshuhudia mtu mbele ya wote watumiao barabara kwamba macho yake yaona, kwamba azijua alama za njiani, kwamba amejaribiwa akaweza. Faida ya ushuhuda huo si ya dereva peke yake. Ni ya mtoto avukaye njia kwenda shule. Na kumnyima mgeni leseni hakumwondoi barabarani, maana shamba afanyalo kazi laweza kuwa mbali, wala hakuna basi la kumfikisha. Ataendesha vivyo hivyo bila kujaribiwa, na akimgonga mtu, hofu ya kukamatwa itamkimbiza. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza ya kuwa, baada ya sheria ya California kuanza, ajali za madereva wanaogonga na kukimbia zilipungua kwa sehemu 7 hata 10 katika kila mia, na jumla ya ajali haikuongezeka. Tumefundishwa habari za mtu aliyeachwa nusu ya kufa katika njia ya Yeriko. Aliyelala barabarani haulizi hati za dereva aliyemgonga, ataka asimame.

Lakini kuna jambo zito kuliko hilo. Ili apate leseni, mgeni hana budi kusema kweli: aandike jina lake, ataje nyumba akaayo, apigwe picha. Sheria ya New York ya mwaka 2019 iliwakataza watunza daftari kuwapa maofisa wa uhamiaji habari hizo bila amri ya hakimu. Mwezi wa Februari 2025 serikali kuu iliishtaki New York kwa ajili ya katazo hilo, ikidai kwamba lawazuia maofisa wake kutimiza kazi yao halali.

Hapa ndipo twaona mizani ilipo. Mwalimu akisema darasani, “Aliyevunja kioo na aseme, sitampiga,” kisha akampiga aliyesema, hakuadhibu kosa la kioo tu. Ameadhibu kusema kweli, na tangu siku hiyo darasa zima litajifunza kunyamaza. Vivyo hivyo dola imwitayo mtu atoke mafichoni ajiandikishe, kisha ikalifanya daftari lile kuwa mtego, huwafundisha watu wote, wageni na wenyeji, ya kuwa uongo una salama kuliko kweli. Tena hawezi kudai kwamba aliyeahidi ni jimbo na aliyekamata ni serikali kuu. Mwenye kuandikwa hazioni mbili, aiona serikali.

Kwa hiyo twasema kutoa leseni ni vyema, kwa kuwa kwawalinda wenyeji kabla ya kumfaa mgeni. Aliyengoja kwa subira hakunyang’anywa kitu, maana haki ya kukaa na ya kupiga kura haimo katika leseni hiyo. Lakini jimbo lisiloweza kulinda daftari lake na liseme hivyo mlangoni, kabla mtu hajashika kalamu. Ahadi ni deni, na serikali nayo yadaiwa kama mtu mwingine yeyote.