Pancha ni ya Nani?

John Boyd Dunlop alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, alitupa starehe, na pancha ikaja nayo. Siku hizi kuna tairi lisilo na tyubu. Unamimina dawa ya majimaji ndani; msumari ukitoboa, dawa inakimbilia tundu na kuliziba. Wewe unaendelea kukanyaga.

Ukiwa unakaa Kayole na kazi iko Industrial Area, swali linakuja lenyewe: nibadilishe? Na fundi wa pale kona, mwenye beseni la maji na viraka, atakula nini?

Hilo la fundi tusidanganyane. Hakuna mtu anayekudai pancha. Ingekuwa hivyo, anayemwaga misumari barabarani angekuwa mfadhili.

Lakini pia usiuite huo uhuru. Dawa hukauka baada ya miezi kadhaa, lazima uongeze. Tairi likichanika vibaya inashindwa, na utahitaji tyubu vilevile. Kilichobadilika ni unayemtegemea tu. Jana ni fundi anayekujua kwa jina, anakuzibia leo umlipe kesho. Leo ni chupa ya dukani, na chupa haikopeshi.

Kwa hivyo jiulize unaogopa nini. Kama unarudi saa nne usiku na kusimama Outering ni hatari, badilisha na roho safi. Usalama wako si anasa. Kama ni kwa sababu wasee wa kuendesha Jumapili wamebadilisha, baki na tyubu yako. Pancha ya mchana, karibu na fundi, ni hasara ndogo sana.