Bango la Ndege Wasafiri



Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba kila mwaka ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani, ambayo ilianza kuadhimishwa mwaka 2006. Mei iliyopita sisi walimu wa Shule ya Jumapili tuliwakusanya watoto chini ya mkwaju ulio nyuma ya kanisa, tukawapa karatasi za manila na kalamu za rangi, tukawaambia wachore bango la kuwalinda ndege hao. Tulidhani ni kazi ya saa moja. Ilituchukua Jumamosi tatu. Sababu ya kuchelewa tungependa kuieleza hapa, maana inatuhusu Wakristo wote wa mtaa wetu.

Tulianza vizuri. Tuliwasimulia watoto habari za korongo weupe, ambao huzaa Ulaya na kuja kwetu wakati wa masika ya huku Dodoma. Hawavuki bahari pana, kwa kuwa hupaa kwa msaada wa hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu. Huzunguka kwa njia ya Uturuki na Israeli, kisha hufuata bonde la Nile. Tukawaambia habari ya korongo aliyeuawa mwaka 1822 karibu na Klütz, Ujerumani, akiwa na mkuki wa Kiafrika wenye urefu wa sentimeta 80 umepenya shingoni mwake. Alikuwa ameruka nao safari yote. Zamani hizo watu wa Ulaya walibishana korongo huenda wapi wakati wa baridi, na mkuki ule ukawajibu. Ndege huyo amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock.

Watoto wakapendezwa, wakaandika kwa herufi kubwa: USIUE NDEGE.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Binti mmoja, ambaye wiki zile alikuwa akishinda juu ya dungu kupiga debe na kuamia mtama wa nyumbani kwao, akauliza, "Mwalimu, kwelea kwelea naye anasafiri. Naye tumlinde?" Tukatazamana. Ni kweli, kwelea kwelea huhama nchi hata nchi akifuata mvua. Ndege mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja humaliza tani 10. Mtoto aliyekuwa akipigania chakula cha nyumba yao tulitaka ashike karatasi inayomhukumu.

Kisha kijana mdogo, kama wa miaka kumi, akaweka kalamu chini. Baba yake hutega wavu, huchoma ndege na kuwauza gulioni. Akasema polepole, "Nikilishika bango hili, watu watajua ninamsema baba." Hakulia, lakini hakuchora tena siku ile.

Tulirudi nyumbani tumefadhaika. Je, ni haki kumwambia mwenye njaa asile kilicho mbele yake? Na je, ni haki kumtumia mtoto kuwahubiri wazazi wake, sisi tulio fundisha amri ya kuwaheshimu baba na mama?

Kwa swali la kwanza tulifungua Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayekuta kiota njiani haambiwi asichukue kitu. Anaruhusiwa makinda, ila mama yao amwache aende zake. Yaani Mungu alimpa mtu chakula, akamwekea na mpaka. Na Bwana wetu aliposema habari za shomoro, alitaja bei yao sokoni. Hakumkaripia muuzaji, alisema tu kwamba hakuna hata mmoja aangukaye pasipo Baba kujua. Basi yule ndege wa senti chache naye ana Mwenyewe.

Kwa hiyo kulinda mtama si dhambi. Lakini tusiseme kwamba ndege wote ni wezi. Korongo hali mtama wetu. Hula nzige na viwavijeshi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Korongo hungoji siku ya tatu, huja na jembe lake. Na mtu amwagaye sumu dimbwini haui adui peke yake: huua na mgeni, huua na mwewe alaye mzoga, tena huwatia hatarini watu watakaokula nyama ile.

Swali la pili lilituuma zaidi, kwa maana lilitugeukia sisi. Wawili kati yetu tulikuwa tumenunua ndege wa kuchoma kwa baba yule yule wiki ile ile, tukala, tukamshukuru. Neno ambalo hatukuthubutu kumwambia uso kwa uso tulitaka mwanawe amwambie kwa kalamu ya rangi. Huo haukuwa ujasiri. Ulikuwa woga uliojificha nyuma ya watoto.

Basi tukaenda kwake. Alitupokea vizuri, akatusikiliza, kisha akauliza, "Nikiacha, mtaninunulia nini badala yake?" Hatukuwa na jibu, wala hatukumdanganya. Tulizungumza mpaka jioni. Mwishoni alisema mbayuwayu wakinaswa atawaachia, akacheka, "Gramu ishirini, nyama iko wapi?" Kuhusu wengine hakuahidi, nasi hatukumlazimisha.

Jumamosi ya tatu tuligeuza karatasi upande wa pili. Watoto wakachora dungu, na binti aliyeshika debe, na korongo wakitembea shambani kwa amani. Yule kijana akarudi, akachora wavu na mbayuwayu akitoka ndani yake. Chini wakaandika: TUNALINDA MTAMA. WAGENI TUNAWAACHA WAPITE. Kisha tukatia sahihi zetu, walimu kwanza, watoto baadaye, ili anayesoma ajue ni nani walioahidi.

Bango liko ukutani, kushoto unapoingia kanisani. Mvua zikianza na korongo wakifika, mtatuona kama tunalitimiza. Ndugu, tunapomkabidhi mtoto neno la kuwaambia watu wazima, yatupasa kwanza tujiulize kama sisi wenyewe tumelisema, na kama tumelitenda. Bwana atupe moyo wa kutangulia mbele ya watoto wetu, tusiwasukume wakatangulia mbele yetu.