Kalamu Nyekundu na Wazo la Mwanafunzi

Mwalimu amwambiapo mwanafunzi, "Tueleze unavyofikiri," huwa amejifunga kwa ahadi gani? Swali hili tunalo tangu muhula mmoja tuliokuwa tukifundisha hapa Nakasero, mjini Kampala.

Tulitoa mada: "Je, yafaa Kiswahili kiwe somo la lazima?" Msichana mmoja wa kidato cha pili aliandika: "Bibi yangu anaogopa Kiswahili. Watu alichukua babu, hakurudi. Wao alisema Kiswahili." Kalamu yetu nyekundu ikaandika "walimchukua" na "walisema", ikatoa alama 9 kati ya 20, ikapita. Tangu siku ile msichana hakuinua mkono.

Sarufi tuliisahihisha ipasavyo. Lakini mtoto alikuwa ametuambia jambo zito, nasi hatukumjibu.

Jambo lenyewe si geni katika kilima hiki. Zama za utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, kikosi cha State Research Bureau kilikuwa na makao yake Nakasero, na wengi walioingizwa humo hawakutoka hai. Kiswahili, kilichokuwa lugha ya jeshi, kikabaki masikioni mwa watu wengi kama lugha ya amri na vitisho. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Agizo laweza kukileta Kiswahili darasani; hofu ya bibi yule haliiondoi. Yapasa isikilizwe.

Kwa hiyo tumeyabadili mazoezi yetu. Kwanza, wanafunzi huandika kimya kwa dakika tano, kwa lugha yoyote waijuayo, hata Kiluganda. Kisha hukaa wawili wawili, kila mmoja akimweleza mwenzake wazo lake kwa Kiswahili. Mwisho huja mjadala, na sharti lake ni moja: hakuna ruhusa ya kumpinga mtu kabla ya kuyaeleza upya maoni yake, naye akiri, "Ndivyo nilivyosema."

Wapo watakaosema kwamba kipindi ni kifupi na mtihani hausubiri. Ni kweli, basi na tufanye hivyo mara moja kwa juma. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi; darasani, hata hivyo, ulimi yafaa upewe nafasi ya kujikwaa, la sivyo hautajifunza kutembea.

Daftari la msichana yule tuliliomba tena, tukaandika chini: "Tumesoma habari za babu. Pole sana, mwanetu. Je, wewe mwenyewe waonaje?" Alitujibu kwa kurasa mbili. Makosa yalikuwamo mengi, nasi tuliyasahihisha yote, lakini baada ya kumjibu.

Walimu wenzetu, tukiomba wazo la mwanafunzi, tuwe tayari kulipokea.