Fisi wa Mara na Suala la Hiari

Ujasiri wa mnyama ni wake mwenyewe? Fisi madoa wa Maasai Mara, Kenya, wanalifanya swali hili kuwa gumu. Jike mwenye cheo huwa na homoni za androjeni nyingi zaidi mwishoni mwa mimba, na watoto wake huwa wakali kuliko wa majike wa chini. Kisha kuna Toksoplasma, kimelea kinachokamilisha uzazi wake ndani ya jamii ya paka, simba wakiwemo: watoto wa fisi walioambukizwa husogea karibu zaidi na simba, na huuawa nao zaidi ya wenzao. Mwanafalsafa Descartes, katika karne ya 17, angesema mnyama ni mashine tu. Jibu hilo ni jepesi mno. Njaa, miguu na udadisi bado ni vya fisi mwenyewe. Kilichobadilika ni kiasi cha hofu.