Milki ya Nyumba na Ufunguo wa Bomba

Je, mwenye nyumba aweza kumfungia mpangaji wake maji na umeme kwa kuwa tangi na jenereta ni mali yake? Swali hili si la mahakama peke yake. Ni swali la maadili, nasi walimu yatupasa kulipima.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika kilima cha Nsambya, mjini Kampala, yuko mtu mwenye nyumba za kupangisha, tangi la maji na jenereta ya kutumia umeme wa mji ukatikapo. Amegombana na mpangaji juu ya nyongeza ya kodi. Hakumfukuza, amefunga bomba na kukata waya, kisha akasema, “Changu ni changu.”

Sheria za Uganda hazijapata kuliacha neno hilo bila mpaka. Mkataba wa 1900 uliigawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba, na hapo ndipo lilipotoka jina la “mailo.” Mwaka 1928 sheria ya busuulu na envujjo ikamkinga mkulima asitozwe wala kufukuzwa ovyo. Amri ya 1975 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya 1995 ikairudisha kwa wananchi na kuitambua tena mailo; lakini maziwa, mito na vinamasi ikaviweka kwa serikali, iwe mdhamini wa watu wote. Nayo sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inakataza kumtoa mpangaji pasipo amri ya mahakama.

Basi afungaye bomba ili mpangaji ahame mwenyewe, anafukuza bila kutamka neno “toka.” Anaikwepa sheria kwa mlango wa nyuma.

Atatujibu kwamba jenereta aliinunua kwa jasho lake, na mafuta hayapatikani bure. Kweli, na hatumnyimi haki ya kudai gharama yake. Lakini akiisha kuihesabu ndani ya kodi, ameiuza huduma hiyo. Si fadhili tena ya kutoa na kunyang’anya. Ama maji, hata deni la kweli halihalalishi kuyafanya fimbo, maana mtoto mwenye kiu hakuwamo katika ugomvi. Deni lina baraza lake. Kiu haingoji hukumu.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Walieleza jinsi dunia ilivyo. Hawakutuambia kwamba ndivyo iwavyo haki. Tena lugha yetu yenyewe yatufunza: hatuna kitenzi cha asili kinachosimama peke yake kwa maana ya kumiliki, twasema “kuwa na.” Mwenye nyumba yu pamoja na nyumba yake, na waliomo ndani yake hawezi kuwatenga na hesabu hiyo. Tuwafundishapo wanafunzi neno “haki,” tusiliache bila mwenziwe, “wajibu.”