Sura Nyingi, Nafsi Chache: Uwakilishi katika Street Fighter II

Je, kuonekana ni sawa na kuwakilishwa? Swali hili la kimaadili linaibuliwa na Street Fighter II, filamu ya katuni ya Kijapani iliyoongozwa na Gisaburō Sugii mwaka 1994. Wapiganaji wake wanatoka Japani, Marekani, Uchina, Uhindi, Brazili na kwingineko. Kijuujuu, ulimwengu mzima umealikwa ngomani, ingawa Afrika haina mpiganaji hata mmoja. Hata hivyo, Ryu na Ken wana kumbukumbu na urafiki, ilhali Dhalsim wa Uhindi ni mwanayoga tu, naye Blanka wa Brazili ni kiumbe wa kijani mfano wa hayawani. Chun-Li anasukumwa na kifo cha babake, lakini kamera inamchungulia akioga.

Huenda ikatetewa kwamba ufupisho ni hulka ya utanzu huu uliozaliwa na mchezo wa video, na kwamba hata Honda, mwanasumo wa Kijapani, amefupishwa. Hoja hiyo ina mashiko. Lakini Japani inabaki na Ryu. Brazili haina mwingine ila Blanka. Ufupisho ule ule, basi, hauwaumizi wote sawa: humwelemea zaidi aliyesimamishwa peke yake kwa niaba ya taifa zima.