Viza ya Kupita ni Ahadi



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Kaka na dada zangu katika imani, msimu wa barua za ufadhili umefika. Baada ya swala ya Alasiri hukosi kumwona mtu kwenye baraza ya msikiti, simu mkononi, wenzake wamemzunguka, anawasomea barua ya kukubaliwa. Mmoja kapata Uturuki, mwingine Morocco, mwingine Ujerumani. Furaha ikishapoa kidogo linakuja suala la tiketi. Tiketi ya bei nafuu haiendi moja kwa moja; inapitia nchi ya tatu, na nchi hiyo ya tatu inataka viza ya kupita. Hapo ndipo wanaponijia mimi kwa kuwa nasoma Masomo ya Kiislamu, kana kwamba kufika mwaka wa tatu kunamfanya mtu kuwa mufti. Nimewapeleka kwa mashekhe wetu, na mimi mwenyewe nimerudi vitabuni. Haya ndiyo niliyopata.

Swali lao, ukiliondoa aibu, ni hili: wakala anasema viza haitoki bila taarifa ya benki nono, na yeye anazo za kutengeneza. Au anasema, kwenye fomu pameulizwa kama umewahi kunyimwa viza, andika hapana. Au anasema, omba ya kupita, ukifika hapo katikati teremka, potea. Je, kumdanganya ofisa wa ubalozi, tena asiye Mwislamu, ni dhambi?

Kwanza nikiri upande wa pili, kwa sababu wanaouliza si watu waovu, ni watu waliochoka. Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 ina orodha ya nchi 12 ambazo raia wake hawaruhusiwi hata kukaa kwenye benchi la uwanja wa ndege wakisubiri ndege ya pili, mpaka wawe na viza ya kupita uwanjani. Kongo ya Kinshasa imo. Somalia imo, na Ethiopia na Eritrea pia. Nchi moja moja za Ulaya zina ruhusa ya kuongeza majina yao juu ya hayo. Marekani haina kabisa utaratibu wa kubadilisha ndege bila kupitia uhamiaji, kwa hiyo raia wa nchi zetu anahitaji viza hata kama atakaa pale saa mbili tu. Ada ya viza ya Ulaya tangu Juni 2024 ni yuro 90, nayo hairudi ukinyimwa. Ndugu yetu wa Bukavu anayelipa fedha hizo ili apite asikotaka kuishi ana haki ya kuona kwamba mizani haiko sawa. Mimi pia naona hivyo. Lakini Qurani, katika Suratul Maida, imetukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki tuliyo nayo juu ya watu fulani. Kama uchungu haukubaliwi kuwa udhuru hata mbele ya maadui, sembuse mbele ya karani wa dirishani?

Sasa tuingie kwenye fiqhi. Wanavyuoni wa zamani walikuwa na mlango wanaouita mlango wa amani, maana yake ahadi ya usalama. Mtu akiingia nchi ya watu wengine kwa idhini yao, wao wanampa usalama wa nafsi na mali yake, na yeye, hata asipotamka, anawapa ahadi ya kutowahaini. Hilo wameliandika Mashafii, Mahanafi na Mahanbali, tena wakizungumzia nchi zilizokuwa vitani na Waislamu. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wanaiona viza kuwa sura mpya ya amani hiyo. Na tofauti iliyopo inaikaza hukumu, haiilegezi: zamani ahadi ilikuwa ya kimyakimya, leo iko mwisho wa fomu, juu ya sahihi yako, ukikiri kwamba uliyoyajaza ni kweli na kwamba utaondoka muda ukiisha. Suratul Maida hiyohiyo inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watekeleze mikataba yao. Aya haikusema mikataba ya Waislamu peke yao.

Kuna watakaosema hayo ni maneno ya vitabu. Basi tuangalie sira, maana Maswahaba walikutana na jambo hili barabarani.

Hudhayfa bin al-Yaman na baba yake walikuwa wapita njia wakielekea Madina kabla ya vita vya Badri. Makureshi wakawakamata na kuwauliza kama wanamwendea Muhammad. Wakajibu kwamba wanataka kwenda Madina tu. Wakaachiwa kwa sharti: waape kwa Allah kwamba wataendelea na safari yao wala hawatapigana upande wa Mtume (s.a.w.). Wakaapa, wakapita. Walipofika na kumweleza Mtume, jeshi la Waislamu lilikuwa dogo, watu mia tatu na kitu, na kila mkono ulikuwa unahitajika. Pamoja na hayo Mtume aliwaambia waondoke, ahadi itimizwe, na msaada utaombwa kwa Allah. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim. Hudhayfa mwenyewe ndiye aliyesimulia kwamba hakuna kilichomzuia kuhudhuria Badri isipokuwa hilo. Zingatieni, walioahidiwa walikuwa washirikina waliowateka nyara njiani, na ahadi ilitolewa kwa kulazimishwa. Wewe hukutekwa na mtu. Ulipanga foleni mwenyewe, ukalipa ada mwenyewe.

Kisha Umra ya mwaka wa 7. Wengi tunaikumbuka Hudaibiya, mwaka wa 6, Waislamu kama 1,400 walipozuiwa nje ya Makka wakiwa katika ihramu. Tunasahau kilichofuata. Mkataba uliwapa ruhusa ya kurudi mwaka unaofuata, wakae siku tatu, panga zikiwa alani. Ukitaka kuona viza yenye masharti, ndiyo hiyo. Wakarudi, wakatufu, wakasai. Makureshi wengi walikuwa wameuacha mji na kupanda milimani. Muda ulipokwisha, Makureshi wakatuma ujumbe kwamba siku zimetimia, tokeni. Mtume alikuwa ametoka kufunga ndoa na Bibi Maymuna, na wapokezi wa sira wanaeleza kwamba alipendekeza afanye karamu ya harusi palepale, wenyeji nao wale. Wakakataa: hatuna haja na chakula chako, toka.

Jiwekeni pale. Huu ni mji aliozaliwa. Nyumba yake ilikuwa humo, kaburi la Bibi Khadija liko humo, na Al-Kaaba ni ya Allah, si ya Makureshi. Alikuwa na watu, alikuwa na silaha, na alikuwa na sababu nzuri ya kuomba hata usiku mmoja wa ziada. Akaamrisha msafara uondoke. Harusi ikafanyika Sarif, nje ya Makka, njiani. Kila nikisoma habari hii nawafikiria wale wanaosema kukaa wiki moja baada ya viza kuisha si kitu.

Ukiingia chumba cha usaili nawe moyo unadunda, mkumbuke Jaafar bin Abi Talib mbele ya Najashi. Makureshi walikuwa wametuma wajumbe na zawadi ili Waislamu warudishwe, na hila yao ya mwisho ilikuwa kumchongea: muulizeni wanasema nini juu ya Isa. Mfalme ni Mkristo, wao ni wakimbizi, jibu la kweli linaweza kuwatoa nchini. Bibi Umm Salama, aliyekuwemo, anasimulia kwamba walikaa wakashauriana, wakakubaliana kusema yale aliyoyasema Allah, liwalo na liwe. Wakasema, na Najashi akawapa hifadhi.

Sikusema kwamba mkweli hupata viza siku zote. Ndugu mmoja tunayelala naye jengo moja, Mkongomani, alikuwa na tiketi inayopitia Ulaya. Wakala akamletea taarifa ya benki yenye fedha ambazo ukoo wake mzima haujawahi kuziona. Akaikataa, akapeleka karatasi zake za kweli, akanyimwa. Yuro 90 zimekwenda. Ikabidi auze kompyuta na akope kwa mjomba wake ili anunue tiketi nyingine inayopitia Addis Ababa, ambako hatoki nje ya uwanja. Alifika chuoni siku tisa baada ya wenzake. Namtaja kwa sababu vijana wanapenda visa vinavyoishia kwa muujiza, na chake hakikuishia hivyo. Nilipomuuliza kwa simu kama anajuta, alisema anajutia kompyuta.

Zimebaki hoja mbili. Ya kwanza ni ile hadithi inayosema vita ni hila. Dirisha la ubalozi si uwanja wa vita. Wewe ndiye uliyekwenda kuomba amani, na mwenye kuomba amani hawezi kudai yumo vitani na anayemwomba. Ya pili ni dharura, na hii ni nzito zaidi. Imamu Nawawi katika Riyadh as-Salihin ameeleza kwamba mtu akimficha Mwislamu asiuawe na dhalimu, kusema uongo ili kumwokoa ni wajibu. Humu chuoni wamo waliovuka mipaka usiku wakikimbia risasi za Kivu. Aliyekimbia kifo hukumu yake ni nyingine, na simuongelei hapa. Aende kwa shekhe amweleze hali yake faraghani. Lakini tusiazime dharura yake sisi tunaotafuta shahada ya uzamili. Kukosa ufadhili kunauma, hakuui.

Na kuna mpaka kati ya kuficha na kudanganya. Fomu isipouliza, hulazimiki kumwaga maisha yako yote.  Ila pale fomu inapouliza wazi umewahi kunyimwa, jibu ni ndiyo, na chini yake andika lini na wapi.

Niongeze habari njema kwa wanaosafiri kwenda Uturuki au Asia. Januari 2023 Saudia ilianzisha viza ya kupita kwa njia ya mtandao kwa abiria wa mashirika ya Saudia na flynas: inaombwa pamoja na tiketi, inaruhusu kukaa saa 96, na ndani yake unaweza kufanya Umra na kuzuru Madina. Hapa kuna mambo ya fiqhi ambayo wenzetu huyapita mbio. Ukiwa umenuia Umra tangu nyumbani, ingia katika ihramu ndege inapokuwa usawa wa mikati, wala usingoje kushuka Jeddah. Ndiyo kauli ya wanavyuoni wengi, na marubani wa safari hizo kwa kawaida hutangaza. Vaa shuka zako mapema, nia ndiyo uichelewesha mpaka hapo. Aliyefika Jeddah bila nia, kisha ikamjia, atahirimia hapohapo. Kuhusu kupunguza swala, kwa madhehebu yetu ya Shafii safari hukatika ukinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Fanya hesabu: mwenye kuingia Jumatatu saa nne asubuhi na kutoka Ijumaa saa nne asubuhi ana siku tatu kamili tu, basi bado ni msafiri, anapunguza, isipokuwa anapomfuata imamu anayetimiza, kama katika Msikiti Mtakatifu.

Lakini saa 96 ni saa 96. Nimesikia wanaopanga kuingia kwa viza hiyo karibu na Dhul-Hijja, wajifiche Makka mpaka Arafa. Mwaka 2024 Baraza la Maulamaa Wakuu wa Saudia lilitoa tamko kwamba haifai kwenda Hija bila kibali, na kwamba mwenye kufanya hivyo anapata dhambi. Umra ya mwaka wa 7 ilifanyika palepale, mbele ya nyumba ileile, na Mtume aliondoka siku zilipotimia.

Walio na maombi mezani wiki hii: swalini istikhara kabla ya kununua tiketi, si baada yake. Tazameni kwanza kama njia hiyo inahitaji viza ya kupita, ndipo mlinganishe bei. Karatasi zenu jazeni wenyewe kwa mikono yenu, wakala asizijaze. Allah awafungulie yaliyo na kheri nanyi na awafikishe salama.

Wabillahi tawfiq.